RAV4 Kili Time au X-Trail T30 kwa mtu wa Tanga mwenye shamba Muheza? Wenye uzoefu karibuni

MkulimaMuheza

Wakuu habari za jioni, na kwa wale wa upande wetu, assalam aleykum.

Naishi Mikanjuni, kazi yangu iko mjini, na shamba la machungwa liko ndani Muheza, upande wa njia inayopanda Amani. Mpaka sasa natumia pikipiki. Familia imekua, na mama mkwe yuko Soni, kwa hiyo sikukuu hazipiti bila kupanda mlima kutoka Mombo. Nataka gari moja itakayobeba majukumu hayo yote. Machungwa kwenda sokoni nitaendelea kukodi kirikuu au Fuso, hilo silitwishi gari ya familia.

Bajeti ni milioni 14, humo humo kuna kubadilisha jina, bima na matengenezo ya kwanza.

Kuagiza Japani nimeliweka pembeni baada ya kupiga hesabu. TRA hawaangalii bei uliyonunulia, wana thamani yao. Tuseme wameikadiria CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri mpaka bandarini) milioni 8. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 2, tuko 10. Ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya cc 1001 hadi 2000, na uchakavu 30% kwa gari ya abiria iliyopita miaka kumi, jumla 35% ya hiyo 10, yaani milioni 3.5. Tuko 13.5. VAT 18% juu yake, tunafika milioni 15.93, na bado tozo ya reli, ada za forodha, bandari na usajili. Anayetaka kuhakikisha aingie kwenye kikokotoo cha TRA, maana viwango hupitiwa kila bajeti. Gari za mwaka 2000 mwanzoni kwa mfuko wangu ni za mkononi tu.

Nimeonyeshwa mbili, zote ziko hapa hapa mjini:

RAV4 Kili Time ya 2003, milango mitano, 4WD (tairi zote nne zinavuta), namba C. Anataka milioni 13, anasema hashuki.

Nissan X-Trail ya 2004, 4WD, namba D. Anataka 10 na nusu, maongezi yapo.

Kila ninayemuuliza mtaani ananijibu chukua Toyota, Nissan itakufilisi. Nikiuliza itanifilisi kwa kitu gani hasa, jibu silipati. Ndiyo maana nimekuja hapa. Naomba mwenye kujua anieleze kwa vitu vinavyoonekana, siyo kwa jina la kampuni.

DerevaSegera

Mkuu usijitese. RAV4. Spea unazipata hata saa mbili usiku, fundi yeyote anaijua, na ukichoka nayo unaiuza ndani ya wiki. X-Trail ukiiweka sokoni utakaa nayo. Mafuta nayo: RAV4 inakwenda vizuri, X-Trail nzito.

FundiNgamiani

MkulimaMuheza, waaleykum salaam. Swali lako nimelipenda kwa sababu umetaka vitu vinavyoonekana. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza ielewe hiyo RAV4 unayoambiwa uchukue. Kili Time zilizotoka Japani zina injini mbili tofauti kabisa, na watu wanazisifia au kuzilaani kana kwamba ni gari moja.

Ya kwanza ni 1.8, injini 1ZZ-FE, cc 1794. Hiyo ndiyo injini ya Spacio 1.8, Wish 1.8, Allion na Premio 1.8, Opa. Imejaa Tanga nzima, spea zake ziko kila duka, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. Sifa zote za "chukua Toyota" zinatokana na injini za aina hii. Lakini Kili Time ya 1.8 ni 2WD tu. Inavuta mbele. Haikutengenezwa ya 4WD kwa soko la Japani.

Ya pili ni 2.0, injini 1AZ-FSE, na hii ndiyo inayokuja na 4WD. Herufi za mwisho, FSE, ndizo D-4. Wenye Noah na Voxy za D-4 humu wanajua naongelea nini.

Kwenye injini ya kawaida, nozeli inapuliza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Petroli ikipita inaosha mgongo wa valvu. Kwenye D-4 nozeli imeingizwa ndani ya silinda yenyewe. Ili petroli iingie humo lazima isukumwe kwa presha kubwa sana, kwa hiyo kuna pampu ya pili juu ya injini inayozungushwa na kemshafti, mbali na ile ya kwenye tangi. Matatizo yanayotokea hapo ni mawili. Moja, pampu hiyo na nozeli zake havivumilii petroli chafu, na bei yake si ya pampu ya kawaida. Pili, valvu za hewa haziogi petroli hata siku moja. Mvuke wa oili na moshi unaorudishwa na EGR unaganda humo kama masizi. Gari inaanza kukosa sailensa (mzunguko mtulivu wa injini ikiwa imesimama), inatetemeka ikiwa imesimama kwenye taa, inazima ukiachia mafuta, asubuhi inasumbua kuwaka. Mwenye gari anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anasafisha throttle, tatizo linarudi, kwa sababu uchafu uko ndani zaidi.

Sisemi D-4 ni gari mbaya. Ikitunzwa, ikawekwa mafuta ya kituo kinachouza sana, ikafunguliwa na kusafishwa na mtu anayeijua, inakwenda na ina nguvu kuliko 1.8. Ninachosema ni kwamba ukinunua Kili Time ya 4WD hununui ule urahisi wa Toyota unaosifiwa mtaani. Unalipia jina la urahisi na unapata injini ngumu.

X-Trail sasa. Ya 2004 ni T30, injini QR20DE, cc 1998. Nozeli ziko kwenye njia ya hewa, kawaida kabisa. Giaboksi ni otomatiki ya gia nne ya mtindo wa zamani, si CVT isiyo na gia. Taimingi ni cheni, kama zilivyo RAV4 zote mbili, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha. Injini hii iko pia kwenye Serena C24 na Primera P12, ambazo nchini zipo. Kwa fundi, hii ni gari nyepesi kufanyia kazi kuliko D-4.

Ndugu yangu, ulinganisho wako umewekwa vibaya tangu mwanzo. Usilinganishe Toyota na Nissan. Kama unahitaji kweli miguu minne ivute, linganisha X-Trail na RAV4 ya D-4, na hapo mimi naichagua X-Trail bila kusita. Kama huhitaji, achana na zote mbili, tafuta Kili Time ya 1.8 iliyotunzwa, na hapo DerevaSegera yuko sahihi kwa kila neno.

Kujua ipi ni ipi usimtegemee dalali. Kwenye kadi ya gari kuna namba ya chesesi. Ikianza na ZCA26 ni 1.8 ya 2WD. Ikianza na ACA21 ni 2.0 ya 4WD. Kwa X-Trail, NT30 ni 4WD, T30 bila N mbele ni 2WD hata kama muuzaji kaapa, na PNT30 ni GT yenye turbo, hiyo iache kwa wenye hela zao. Halafu fungua boneti ya hiyo RAV4 usome kava la plastiki juu ya injini. Wameandika wenyewe D-4.

MkulimaMuheza

Fundi, Mungu akulipe. Hili la injini mbili sijawahi kulisikia kwa yeyote. Kesho naomba kadi.

Kuhusu kuhitaji 4WD: njia yangu inaacha lami Muheza, kisha ni udongo mwekundu na kupanda. Kiangazi hata IST inafika. Shida ni mwezi wa nne na wa tano, matope yapo na machungwa yameanza kuiva, ndiyo wakati ambao lazima niwe shambani. Pikipiki yenyewe siku nyingine naisukuma.

Na X-Trail kwa upande wake inaumwa nini? Maana hakuna gari isiyo na ugonjwa.

Bi_Raskazone

Mdogo wangu, fundi akujibu ya kifundi, mimi nikujibu ya matumizi kwa sababu T30 ndiyo gari yangu ya kila siku.

Nafasi: watoto watatu nyuma wanakaa bila kugombana. Mlango wa nyuma unainuka juu, kwa hiyo mvua ikinyesha unapakia ukiwa chini yake. RAV4 mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni na umebeba tairi ya spea. Ukiegesha kwa nyuma karibu na ukuta huko Ngamiani, huufungui. Upande wa pili, spea ya X-Trail iko chini ya sakafu ya buti. Ukipata pancha njiani umejaza mizigo, unashusha kila kitu pembeni ya barabara. Hilo mimi silipendi hasa nikiwa na watoto.

Mafenda ya mbele ni ya plastiki ngumu. Kwa mji wetu huu wa baiskeli na bodaboda ni neema, maana kuguswa kidogo kunarudi kwenyewe na hakupati kutu. Dashibodi yake ina saa ya mwendo katikati badala ya mbele ya usukani. Utazoea.

Barabara mbovu inatulia, iko juu, haigusi chini hovyo. Njia ya Pangani kabla ya lami tumeipita sana na watoto wakalala.

Mafuta inakula, sitakudanganya. Mjini, foleni ndogo hizi zetu na kiyoyozi kimewashwa, usitegemee kupita kilomita 9 kwa lita. Safari ndefu inapanda. Kama kila shilingi ya petroli inakuuma, sikiliza moyo wako mapema.

Na jambo moja ambalo watu wa Dar hawatakuambia: kutu. Sisi tunaokaa karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula chuma usiku na mchana. Gari yoyote ya zamani utakayonunua Tanga, anza chini, si rangi.

Mlalo2WD

Kwa nini hamsemi Escudo? Ya 2005 kuendelea ina fremu iliyounganishwa na bodi, na ina 4L ya kupunguzia gia kabisa. Kwa kupanda Amani hizo mbili zote haziigusi. RAV4 na X-Trail hazina 4L.

FundiNgamiani

Mlalo2WD umesema kweli tupu. Angekuwa anaishi Mtae au Amani penyewe ningemwambia Escudo na nisingebishana. Lakini ana mjini kila siku na milima mara moja moja, na kwa bajeti yake Escudo nzima ya umri huo ni kazi kuipata. Zinazouzwa bei hiyo nyingi zimechoka.

Bi Raskazone, ahsante kwa la kutu, nitalirudia kwa sababu ndilo ninaloliogopa kuliko injini.

Magonjwa ya X-Trail T30, MkulimaMuheza, chukua kalamu uandike.

Kutu ya minara ya shokapu za mbele. Pale ambapo shokapu inashika bodi kwa juu, ndani ya fenda, udongo na unyevunyevu vinakaa. Kwa kuwa fenda ni la plastiki na linang'aa, gari kwa nje inaonekana mpya huku ndani chuma kimekuwa kama biskuti. Vua plastiki ya ndani ya tairi, ingiza tochi, gonga kwa bisibisi. Angalia mishono yote ya pale. Kama kuna mtu alishachomelea na kupaka lami juu, ondoka. Usijadili bei, ondoka. Injini inabadilishwa, mnara ukiachia haukupi onyo ukiwa kwenye kona za Soni. Baadhi ya gari hizi zilitembea mikoa ya theluji Japani ambako barabara hutiwa chumvi, zikaja kumalizia na chumvi ya bahari yetu. Mwaka hauwezi kukuambia, tochi ndiyo inakuambia.

Sensa za krenki na kemshafti. Injini ikipata moto inazima ghafla, unasubiri ipoe, inawaka. Watu wanabadilisha pampu ya mafuta bure kwa dalili hii. Sensa zenyewe ni ndogo, kazi yake si kubwa. Kosa ni kufunga za bei chee, zinarudi kuua gari barabarani. Nunua halisi, zote kwa pamoja, uisahau.

Masega, yaani kichujio cha moshi ndani ya ekzosi. Injini za familia ya QR masega yake ya kwanza yako karibu kabisa na injini. Yakichakaa na kumeguka, vumbi lake linaweza kurudi kwenye silinda na kukwangua kuta. Hapo gari inaanza kula oili, na kula oili kunazidi kuharibu masega. Dalili ni gari kuwa nzito kupanda, mlio wa changarawe ukigonga ekzosi, na oili kushuka bila kuvuja popote. Usikubali kununua iliyofika hapo.

Bushi za mikono ya chini mbele na stabilaiza linki. Hizo ni za kawaida kwa barabara zetu, siyo sababu ya kuacha gari, ni sababu ya kupunguza bei.

Na RAV4 ya 1.8 kama utaangukia huko, nayo ina lake, nisije nikaonekana napendelea. Pistoni za 1ZZ za miaka ile zina matundu madogo ya kurudishia oili. Yakiziba, ringi zinakwama na injini inakunywa oili. Ipeleke mteremkoni, achia mafuta kwa muda ikizuiwa na gia, kisha kanyaga huku mwenzako yuko nyuma anatazama. Moshi wa bluu ukitoka, umeshapata jibu.

DerevaSegera

Fundi naheshimu elimu yako, hili la D-4 nimelipokea. Lakini la spea hujalijibu. Mimi natembea Tanga, Segera, Korogwe, Mombo kila siku ya Mungu. Toyota ikikwama Korogwe, unapona Korogwe. Nissan ikikwama Korogwe unapiga simu Dar. Na mafuta ni hesabu ya kila siku, siyo ya mara moja.

FundiNgamiani

La spea una haki nalo na sitalikwepa. Vitu vya huduma ya kawaida, yaani filta, plagi, brekipedi, shokapu, bushi, linki, vya X-Trail vinapatikana Tanga. Vya mwili na vya umeme, taa ya nyuma, sensa, raketi ya usukani, mara nyingi vinatoka Kariakoo au Ilala na kushushwa stendi ya Kange kwa basi. Unaagiza leo, unapokea kesho. Kwa mtu binafsi mwenye pikipiki nyumbani, kusubiri siku ni usumbufu, siyo msiba. Kwa wewe unayebeba abiria, gari ikilala chakula kimelala, na kwa kazi yako ningekuambia usiguse X-Trail. Ni kazi mbili tofauti, kaka.

Mafuta tuhesabu. Tuseme kwa mwezi anatembea kilomita 1,000. Kwa kilomita 9 kwa lita anatumia lita 111. Kwa kilomita 11 anatumia 91. Tofauti lita 20. Kwa urahisi tuseme lita ni 3,000, bei yenyewe EWURA wanaitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Hiyo ni elfu 60 kwa mwezi. Tofauti ya bei za gari alizoonyeshwa ni milioni 2 na nusu. Gawanya, ni miaka mitatu na zaidi ndipo RAV4 ianze kumrudishia chake. Na hapo nimeipa kilomita 11, ambayo ni stahili ya 1.8 ya 2WD. Ile ya 4WD ya cc 2000 haiachani na X-Trail kwa kiasi hicho.

Kuuza tena, kweli Toyota inauzika haraka. Ila mtu anayenunua gari ya miaka ishirini anatakiwa ainunue kwa nia ya kukaa nayo.

MkulimaMuheza

Nimerudi wakuu. Kadi nimeziona zote mbili.

RAV4: chesesi inaanza ACA21. Nikafungua boneti, D-4 imeandikwa vilevile fundi alivyosema. Nikamuuliza muuzaji kwa adabu kama nozeli au pampu ya presha zimewahi kuguswa. Akaniambia gari za Toyota haziguswi. Ikiwa imesimama na kiyoyozi kimewashwa, usukani ulikuwa unatetemeka mkononi. Nimemshukuru nikaondoka.

X-Trail: NT30. Mwenyewe ni mzee mstaafu anakaa Chumbageni, ana bahasha ya risiti za matengenezo. Amekubali nije na fundi. Nimekagua madeni kwa namba ya gari, faini za barabarani hakuna na maegesho hakuna. Jina kwenye kadi ni lake mwenyewe, na kitambulisho kinalingana.

Mke wangu ameuliza swali ambalo nami nalileta: kwa nini tusiongeze hela kidogo tuchukue X-Trail ya umbo jipya, ile ya 2008? Tumeiona moja, inavutia.

FundiNgamiani

Mwambie shemeji swali lake ni zuri. Umbo la 2007 kuendelea ni T31, injini MR20DE na giaboksi ya CVT, yenye mkanda wa chuma badala ya gia. Barabara tambarare ni laini na inabana mafuta vizuri. Lakini ikipanda mlima mrefu na mzigo kwenye jua kali, mafuta ya CVT yanapata moto, na gari ili ijilinde inapunguza nguvu yenyewe. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona juu ya kona. Sasa weka watu watano na zawadi za mama mkwe. Na ukiikuta imewekwa ATF, mafuta ya giaboksi ya kawaida, badala ya yale ya NS-2 yanayotakiwa, giaboksi hiyo inahesabu siku zake, na bei ya giaboksi unaweza kuiona kwa macho yako Ilala. Kwa milima na kwa bajeti isiyo na akiba kubwa, ile gia nne ya T30 ndiyo mkombozi.

Siku ya kukagua mwambie mzee asiiwashe kabla hatujafika. Nataka niisikie ikiwaka baridi. Cheni iliyolegea inapiga kelele sekunde za kwanza kisha inanyamaza, na muuzaji mjanja hukupokea injini ikiwa tayari ya moto. Tutapima kwa mashine, tutanyanyua juu, kisha tutaipeleka njia ya vumbi tujaribu swichi ya 4WD. Ina sehemu tatu: 2WD, AUTO na LOCK. LOCK ni ya mwendo mdogo kwenye matope tu, ukikimbia inarudi AUTO yenyewe.

Bi_Raskazone

Mwulize pia mzee gari inalala wapi. Inayolala bandani na inayolala uwanjani ikitazama bahari si gari moja, hata kama zilitoka meli moja.

MkulimaMuheza

Tumekagua, fundi alikuwepo, kwa hiyo naandika ili na wengine wafaidike.

Minara ya shokapu ni mizima, kuna kutu ya juu juu tu kwenye mshono wa kushoto. Inalala bandani, dada. Imewaka baridi bila kelele. Oili ilikuwa kwenye alama na haina rangi ya maziwa. Mashine imetoa kodi moja ya hitilafu, ya zamani, ya sensa ya kemshafti. Bushi za chini mbele zimekwisha zote mbili. Matairi mawili ya nyuma ni mapya na ya kampuni tofauti na ya mbele, ambayo yamekaribia kwisha.

Tumekaa na mzee, tukamwonyesha kila kitu kimoja kimoja. Ameshuka mpaka milioni 9 na laki 8. Tumekubaliana kulipana benki na kwenda TRA pamoja siku hiyo hiyo kubadilisha jina, ili asibaki na gari yangu kwenye jina lake.

Fundi, kwa hiyo milioni nne inayobaki nianze na nini?

FundiNgamiani

Anza na matairi, yote manne, saizi moja na aina moja, 215/65R16. Usinunue mawili ukayachanganya na yaliyopo. Gari ya 4WD ikiwa na matairi yenye kimo tofauti, kile kifaa cha kugawa nguvu kinafanya kazi muda wote hata kwenye lami, kinapata moto na kufa. Hayo mawili mapya ya nyuma uza au weka moja kuwa spea.

Kisha sensa zote, krenki na kem, halisi. Kisha bushi, na alainimenti baada ya bushi siyo kabla. Oili ya injini na filta. Mafuta ya giaboksi tutatoa na kuweka Matic D, bila kupiga presha, maana hatujui yamekaa muda gani. Maji ya rejeta tutamwaga yote tuweke kuleti (coolant), usije ukaongeza ya bomba, mlima wa Soni hauna msamaha kwa rejeta yenye kutu. Huo mshono wa kushoto tutausugua, tutie primer na nta, na kila baada ya masika uniletee niutazame.

Baki na akiba isiyopungua milioni moja usiiguse.

Na mkianza kushuka kutoka Soni kuja Mombo, toa kwenye D weka 2, injini ishike gari. Usishuke na brekipedi peke yake ukiwa na familia ndani.

DerevaSegera

Hongera mkuu. Ukipita Segera nishtue, nikuonyeshe kituo ninachojaza mimi.

MkulimaMuheza

Nashukuru wote. Jumatatu tuko TRA na mzee, Jumanne gari iko kwa fundi Ngamiani. Anayeitaka ile RAV4 aniandikie pembeni nimpe muuzaji, ila aende na mtu anayeifahamu D-4.